Dhoruba ilitukuta Takwa, nusu ya chama wakaondoka nusu tukalala. Sasa tunagombana, nisaidieni

binti_wa_Sabaki (Malindi)

Assalam aleikum na habari zenu wote. Naandika hapa kwa sababu kwenye grupu letu la WhatsApp sasa hakuandikiki, kila nikifungua ni maneno mazito na mimi ndiye niliyepanga safari, kwa hivyo yote yananiangukia.

Sisi ni chama cha akina mama hapa Malindi, tulichanga mwaka mzima tuende Amu, yaani Lamu. Tulikuwa watu 19, mkubwa wetu ana miaka 71 na mdogo ni mtoto wa mwenzetu wa miaka 8. Tulipanda basi Ijumaa tukapita Garsen, Gamba, Witu, Hindi mpaka Mokowe, tukavuka salama salimini, usiku tukala vizuri, furaha tupu. Jumamosi ndio tukapanga twende magofu ya Takwa kule kisiwa cha Manda. Nahodha akasema tutoke saa 8 mchana kwa sababu maji yatakuwa yanajaa, yatajaa kabisa kama saa 10, turudi kabla hayajapwa. Mbingu ilikuwa safi, ila joto lile la kunata, upepo hakuna hata kidogo, tanga lining'inia tu tukaenda kwa mashine.

Tulipofika wengi walitaka kwanza kuvuka upande wa pili wauone mchanga na bahari kuu, tukasema magofu tutayazunguka tukirudi. Tukiwa kule kwenye mchanga ndio nahodha akatuma kijana wake mbio, anatuita. Nikageuka nikaliona wingu, jeusi chini na juu lina rangi kama moshi wa kuni mbichi, limetanda upande wa kusi lote. Kabla hatujafika kwenye mibuyu ukaja upepo wa baridi mara moja, yaani joto lilikatika kama mtu amefungua mlango, majani ya mikoko yote yakageuka yakaonyesha tumbo, kisha mvua. Si mvua ya kawaida, ilikuwa inakuja kwa ubavu.

Tukajibana kwenye kibanda cha makuti. Saa 11 bado, saa 11 na nusu mvua imepungua lakini upepo bado unavuma. Wenzetu wengine wanauliza tutatoka saa ngapi, maana basi letu la kurudi ni Jumapili saa 1 asubuhi kutoka Mokowe na tiketi tushalipa. Nahodha akasema "mimi sitoki na watu hawa kwa upepo huu, na maji yameshaanza kupwa, tukikosa sasa ni mpaka usiku maji yarudi." Hapo ndipo maneno yalipoanza. Watu 7 wakapiga simu wakaita spidi boti, ikaja ikawachukua karibu na magharibi kwa shilingi 9,000. Wawili hawakupata laifjaketi. Tumeambiwa walipotoka tu mdomoni mwa mkondo boti ikapigwa na wimbi ikachota maji, begi la mmoja likaenda na simu ndani, mwingine aligonga goti kwenye ubao mpaka leo anachechemea. Lakini wamefika, na basi wakaliwahi.

Sisi 12 tukalala pale. Nahodha alifungua tanga akalifunga upande unaokuja upepo, tukakaa nyuma yake, lina harufu ya chumvi na mafuta ya sifa, yale ya samaki, maji yanatona kwenye ukingo pwa pwa pwa usiku kucha. Tulikuwa na mahamri ya asubuhi na tende, mlinzi wa pale Mungu amjalie alituchemshia maji tukapata chai. Upepo ulilala kama saa 8 usiku. Tukatoka alfajiri kulipopambazuka, maji bado yapo, tukafika Amu saa 12 na nusu, mpaka tuvuke Mokowe basi limeenda. Tiketi mpya 12 kwa 1,000 ni 12,000.

Sasa wale 7 wanataka chama kiwarudishie 9,000 yao, wanasema mpangaji ndiye aliyewaingiza shidani. Wale 12 wanataka 12,000 ya tiketi, na wanasema wale 7 waliwaacha wazee wakaenda zao. Sanduku lina 31,000 na hiyo ni akiba ya mwaka. Na mimi nauliza vitu viwili. Nahodha alikuwa sawa au alitia hofu bure, maana waliotoka wamefika? Na nifanyeje na hawa watu, kwa sababu tulishaanza kupanga safari ya Agosti twende tena na sasa naogopa hata kuitaja.

---

mtoto_wa_nahodha (Amu)

Waaleikum salam dada, na poleni sana, mshukuruni Mungu mmerudi wote.

Swali lako la kwanza nalijibu mimi kwa sababu nimekulia kwenye chombo. Nahodha wenu alikuwa sawa, na si kwa kuogopa. Wacha nieleze kwa utaratibu maana watu wa nti kavu hufikiri bahari ni mbaya kwa upepo peke yake.

Kwanza wakati mliokuja. Kaskazi, upepo wa kaskazini, inaisha Machi huko, na kusi, upepo wa kusini, hainyanyuki vizuri mpaka mvua za mwaka zishike. Hapo katikati, ndipo mlipokuja, twaita tanga mbili, yaani chombo chataka tanga mbili kwa sababu upepo hujui utatoka wapi. Asubuhi kimya, mchana joto, jioni wingu laja kwa kusi na ndani yake mna kila kitu. Hilo joto la kunata ulilosema na tanga kuning'inia, hiyo ndiyo dalili yenyewe, wazee wetu wakiona hivyo wakati wa tanga mbili hawendi mbali.

Pili, na hii ndiyo ya muhimu. Ule mkono wa bahari baina ya Amu na Manda umefunguka upande wa kijiji cha Shela kuelekea bahari kuu. Maji yakipwa hutoka hapo, yaenda nje kwa nguvu. Sasa upepo wa kusi nao waingia hapo hapo, waja ndani. Maji yatoka, upepo waingia, vinagongana, na bahari yasimama. Mawimbi hayawi makubwa sana lakini yanakuwa mafupi, makali, yamekaribiana, chombo hakijamaliza kushuka hili kishapigwa na la pili. Upepo ule ule ukikukuta maji yanajaa, maji na upepo vyaenda ndia moja, wapita ukiwa umelowa tu. Kwa hivyo saa 12 jioni ile, maji yashakaa saa mbili yakipwa na upepo wa kusi bado una nguvu, ndio saa mbaya kuliko zote kutoka pale mdomoni. Wenzenu walipigwa mahali hasa ambapo mtu yeyote wa hapa mui angekwambia watapigwa.

Na ile ya "lakini wamefika". Dada, kufika si ushahidi. Mimi nimeona watu wamefika mara tisa kwa njia mbaya. Nahodha hapimi kama mtafika, anapima ikiwa mashine itazimika hapo mdomoni itakuwaje. Mashine ikizima kwenye mawimbi yale chombo chageuka ubavu, na wewe una mama wa miaka 71 na mtoto wa miaka 8. Fikiria hilo kwanza ndio uulize kama alitia hofu.

Kitu kimoja tu sikubaliani naye nahodha wenu: kuwatoa saa 8 mchana siku kama ile. Yeye alifuata maji, na kweli ni kwa sababu kwa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji hujaa kiasi cha saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, asubuhi saa 4 ni makavu na mkondo wa kuingilia Takwa haupitiki. Lakini alikuwa na njia ya kusema "siku hii si ya Takwa, twendeni Matondoni mkaangalie mafundi wa madau, Takwa siku nyingine." Labda aliona mmelipa na mmetoka mbali akaona haya. Hii haya ndiyo yatuponza sana sisi watu wa vyombo.

---

mpanga_misafara (Malindi)

Dada yangu pole. Mimi kazi yangu kwa miaka ni kupeleka vikundi, mashule, maharusi, misikiti, kwa hivyo hayo ya bahari namwachia kaka wa Amu, mimi nataka kusema ya pesa kwa sababu najua ndiyo yanakuumiza.

Nikuambie ukweli nilioujua kwa gharama. Watu hawagombani kwa sababu ya mvua, wanagombana kwa sababu ya tiketi ya kurudi. Angalia hadithi yako mwenyewe, wale 7 hawakuondoka kwa sababu hawaamini nahodha, waliondoka kwa sababu basi linatoka saa 1 na tiketi imeshalipwa. Yaani shilingi 1,000 ya tiketi ndiyo iliyowapandisha kwenye boti bila laifjaketi. Nikiisoma hiyo sehemu nilisimama kwanza nikavuta pumzi.

Mimi nilifunzwa Novemba 2023, ule mwaka wa mvua za El Niño. Nilikuwa na watu 34 tunaenda Amu, harusi. Barabara ya Garsen kwenda Lamu ikakatwa na maji huko Gamba, mto Tana umefurika umekuja juu ya lami, magari yamepanga mstari hayana pa kwenda. Tukasema basi turudi Malindi tungoje. Na huku nyuma nako barabara ya Mombasa ikakatika pale daraja la Mbogolo, kwa hivyo waliotoka Mombasa hawawezi kurudi kwao na hawawezi kwenda mbele. Nilikuwa na watu wanalia kwenye simu. Hakuna aliyekuwa na pesa ya ziada, wote wamehesabu kwenda na kurudi kamili kabisa. Kuna bwana mmoja alitaka kuyavuka yale maji kwa miguu ameshika suti juu ya kichwa, tukamshika kwa nguvu, maji yanayokwenda kwenye lami yanakupiga magotini tu na ushaanguka. Alikuwa anasema "nimeshalipa, nimeshalipa". Sitasahau.

Tangu siku hiyo nafanya hivi, na naomba uchukue. Kila mtu analipa shilingi 1,500 juu ya nauli na hiyo haiguswi, naiita pesa ya kulala. Mvua ikija, barabara ikikatika, maji yakipwa, tunalala na pesa ipo. Isipotumika kila mtu anarudishiwa kwa M-Pesa siku ya pili tukifika, na mimi narusha skrini shoti kwenye grupu ili asibaki mtu na dukuduku. Watu mwanzoni walinung'unika kwamba ninawaongezea bei, sasa wanaiulizia wenyewe. Na tiketi ya kurudi siikati ya siku inayofuata safari ya bahari. Ukienda baharini Jumamosi usikate basi la Jumapili asubuhi, kata la Jumatatu au safari ya bahari ifanye Ijumaa, ile siku moja ya katikati iache wazi. Hiyo siku wazi ndiyo inayompa nahodha ulimi wa kusema hapana.

Kwa hizi pesa za sasa mimi ningelipa tiketi za wale 12 kutoka sandukuni bila maneno, ni dharura na walitii. Zile 9,000 nisingelipa. Waliambiwa wakae wakachagua wenyewe.

---

kijana_wa_Maweni (Malindi)

Naheshimu yote yaliyosemwa lakini nataka kuwatetea kidogo wale waliopanda spidi boti kwa sababu naona wanapigwa na hawapo.

Mimi nafanya kazi ya shifti, Jumapili usiku naingia, nisipoingia siku hiyo imekatwa na onyo liko kwenye faili. Hapo kwenye wale mama 7 huenda yupo wa namna yangu. Mtu akiambiwa "tutalala" na hakuna aliyewahi kumwambia kabla kwamba kulala kunawezekana, kwake hiyo si habari ya bahari, ni habari ya kazi yake. Dada alisema mwenyewe, tulichanga, tukapanda basi, tukaenda. Je kuna siku mlikaa mkasema hali ya hewa ikichafuka nani ana neno la mwisho? Kama hamkusema, basi pale kibandani kila mmoja alikuwa na haki ya kujiamulia, hata kama aliamua vibaya. Na naam waliamua vibaya, baada ya kusoma ya kaka wa Amu nimeelewa hilo, mimi mwenyewe ningepanda ile boti na sikujua hayo ya maji kugongana na upepo.

Kwa hivyo sikubaliani na mpanga misafara kwenye zile 9,000. Huwezi kumtoza mtu kwa kanuni ambayo haikutamkwa. Lipeni zote, 12,000 na 9,000, jumla 21,000, sandukuni zinabaki 10,000. Inauma lakini chama kitabaki chama. Halafu kutoka leo andikeni, neno la nahodha ndilo la mwisho, atakayeondoka anaondoka kwa pesa yake. Mara ya pili hakuna wa kulalamika.

Na dada, usijibebeshe dhambi ya wingu. Ila swali moja, kuna yeyote aliyeangalia utabiri siku ile?

---

mpanga_misafara (Malindi)

@kijana_wa_Maweni hapo umenishika. Kweli haikutamkwa. Narudisha neno langu, lipeni zote mbili.

---

nesi_wa_zamu (Malindi)

Nimepita tu ila nimeguswa na ile ya mama wa miaka 71 na mtoto, nataka kuongeza la afya kwa sababu watu huogopa kuzama wakasahau baridi.

Mtu aliyelowa na anapigwa na upepo anapoteza joto haraka hata huku kwetu pwani. Mtoto na mzee ndio wa kwanza. Mkikwama tena namna hiyo, kitu cha kwanza ni kutoa nguo iliyolowa, si kumfunika juu yake. Buibui lililolowa linamvuta joto mtu, mvueni mumfunge leso kavu mbili tatu, kichwa pia, akae katikati ya wengine si pembeni. Kila mmoja abebe leso moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, uzito wake si kitu. Chai ya sukari mlifanya vizuri sana. Mkiona mtu alikuwa anatetemeka kisha ameacha kutetemeka na maneno yanamchanganyika, msiseme amepata nafuu, huyo ndiye wa kukimbiziwa msaada.

Mwenye pumu inhela iwe mwilini mwake, isiwe kwenye begi lililobaki botini. Dawa za presha na sukari za siku mbili za ziada hata kama ni safari ya siku moja.

Na radi. Mmesema mlikuwa karibu na mibuyu. Kukiwa na radi msisimame chini ya mbuyu wala msiegemee mlingoti, ingieni kwenye jengo kama lipo. Hesabu sekunde kutoka umeme mpaka ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Na msitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

---

binti_wa_Sabaki (Malindi)

Nimesoma yote mara mbili na nimemsomea mama yangu kwa sauti. Asanteni sana, kwa kweli.

@kijana_wa_Maweni hapana, hakuna aliyeangalia. Mimi niliangalia simu asubuhi ikanionyesha jua na kiwingu kidogo nikaridhika. Na kweli hatukuwahi kukaa kusema nani ana neno la mwisho. Tulikaa vikao viwili vizima juu ya rangi ya leso za sare.

@nesi_wa_zamu yule mama mkubwa alikuwa anatetemeka sana, sisi tulimrundikia leso juu ya buibui lililolowa. Sikujua. Nimeshalituma hilo kwenye grupu tayari na ndilo ujumbe wa kwanza wiki nzima ambao watu wamejibu kwa amani.

@mtoto_wa_nahodha sasa niambie na ya Agosti. Watoto wako likizo ndiyo maana tulichagua. Tunataka twende Takwa tena na wengine wanataja kisiwa cha Kiwayu.

---

mtoto_wa_nahodha (Amu)

Agosti kusi bado yavuma dada. Ndani ya mkono wa bahari hapa baina ya Amu na Manda mnaweza mkichagua siku, Matondoni pia mwenda. Kiwayu kwa Agosti mimi sitakwambia twende na akina mama na watoto, ziko sehemu wawa wazi kwa bahari kuu na kusi haina simile. Kiwayu ingojeni kaskazi, Januari au Februari, wakati huo bahari ni nzuri na mvua hakuna.

Takwa kwa Agosti chagueni kwa mwezi mwandamo, yaani mhesabu siku tangu mwezi uandame, si kwa Jumamosi. Maji hujaa yakichelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Mwezi mosi na mwezi 15 maji yajaa kiasi cha saa 10, mara mbili, alfajiri na jioni. Hesabu mbele, ukifika mwezi 10 au 11 yajaa adhuhuri, na mwezi 25 au 26 vile vile. Siku hizo ndizo zenu. Mwaingia saa 4 na nusu maji yakijaa, mwatembea, mwatoka saa 7 maji yakiwa bado mengi, na jua liko juu mwaona wingu likija kutoka mbali. Maji ya siku hizo hayapandi sana kama ya bamvua kwa hivyo chukueni vyombo viwili vidogo msichukue kimoja kikubwa, mkondo ule ni mwembamba na kizito chapwelewa, chakwama chini, upesi. Na vyombo viwili kimoja kikiharibika kingine chavuta.

Laifjaketi hesabuni kabla hamjapanda, kila kichwa na yake, ya mtoto iwe ya mtoto. Ikiwa hazitoshi hampandi, hata kama ni chombo cha ndugu yangu. Mkono wa mtu mmoja usiwe na kazi nyingine ila kuhesabu.

Ya simu: kile kipicha cha jua na wingu si utabiri wa bahari. Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya pwani upepo ukitarajiwa kupita noti 25, hizo ni kama kilomita 46 kwa saa. Mkiiona hiyo msiulize mtu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa chaja kwenye kisiwa cha Mafia huko Tanzania, hapa kwetu tahadhari zilitolewa na wavuvi wakaambiwa wasitoke, jua lilikuwepo asubuhi ile ile na wako waliosema mbona bahari nzuri. Basi tahadhari isipokuwepo, bado mpigie nahodha alfajiri, siku yenyewe, umuulize swali moja: "ungemchukua mamako leo?" Usimuulize tutaweza. Mtu wa chombo ukimuuliza tutaweza atakujibu tutaweza.

Na mwisho, huenda hamkuambiwa mlipokuwa pale. Watu wa Shela wana asili ya Takwa, mji ule ulipohamwa karne ya 17 wazee wao ndio waliovuka wakaja Shela, na mpaka leo huenda pale kwenye kaburi la mnara kumuomba Mungu mvua. Bibi yangu alikuwa mmoja wa waendao. Niliposoma kwamba mvua iliwakuta hapo hapo nilinyamaza kidogo.

---

kijana_wa_Maweni (Malindi)

Hilo swali la "ungemchukua mamako leo" nalichukua mimi hata kwa madereva.

---

mpanga_misafara (Malindi)

Dada ukimaliza na wenzako tuambie mlivyokata shauri, wengine tutajifunza. Na hiyo ya mwezi 10 na 11 nimeiandika ukutani ofisini.

---

binti_wa_Sabaki (Malindi)

Narudi na habari. Tulikutana jana baada ya laasiri nyumbani kwa mweka hazina. Nilianza kwa kuwasomea ile ya maji kugongana na upepo, nikawaomba wasiseme kitu mpaka nimalize. Mmoja wa wale 7, yule aliyeumia goti, alilia. Akasema walipotoka mdomoni dereva wa boti mwenyewe alikuwa anapiga shahada na wao wakaelewa hapo, lakini kurudi haiwezekani, na waliporudi Malindi akaona haya kusema kwa hivyo akashika kudai pesa. Hapo hakuna aliyekuwa na hasira tena, tulikaa kimya mpaka mtoto akaja kuuliza chai iko wapi.

Tumelipa zote, 12,000 na 9,000. Tumeandika kwenye daftari kwamba neno la nahodha ni la mwisho, na pesa ya kulala ni 1,500 kila mtu, na mweka hazina ataishika mbali na ile ya chama. Kuna wawili wamesema 1,500 ni nyingi, tumewakubalia walipe kidogo kidogo kuanzia sasa. Agosti tumeitoa Kiwayu. Takwa tutakwenda mwezi mwandamo 11 bila kujali ni siku gani ya wiki, wenye kazi wameshaanza kuomba ruhusa.

Nilidhani mama yetu mkubwa hatakuja tena safari yoyote. Aliniita pembeni tukiwa tunatoka, akaniambia yeye hakuuona ule msikiti wa magofuni, tuliharakishwa kwenda mchangani kwanza kisha ikawa mvua, usiku alikuwa anauona ule mnara mweupe kila umeme ukimulika na hakuweza kusogea kuutazama. Akatoa 500 kwenye upindo wa leso akasema hiyo ni ya mwanzo ya pesa ya kulala. Nimemuandika wa kwanza kwenye orodha.